Taa za Mmweko Ziruhusiwe Ukumbini

Ukiyafungua matoleo matatu yaliyopita ya jarida hili, utakuta picha za michezo si haba. Wanakandanda wamo, hata matope ya viatuni yanaonekana. Wakimbiaji wamo, jasho likiwatiririka. Ng'ombe wa shule aliyeingia uwanjani siku ya riadha yumo pia, tena katoka vizuri kuliko wengi wetu. Lakini timu ya wasichana ya mpira wa vikapu, iliyotuletea vikombe viwili vinavyoipamba ofisi, haimo. Samahani, imo. Katika toleo la mwaka jana kuna mraba mweusi tititi, na ndani ya mraba huo kuna kitu cha kijivujivu mfano wa yai. Chini yake pameandikwa: "Nahodha wetu akifunga." Hilo yai ndilo mpira. Nahodha mwenyewe mtafute kwa tochi.

Sababu yake inajulikana. Wenzetu hawa huchezea ukumbini, na ukumbi wetu ni giza. Mchana madirisha ya juu huingiza mwanga kidogo wa upande mmoja. Jioni tunabaki na taa za darini, ambazo zilifungwa pale ili tuione njia ya kwenda kupakua chakula, si kwa ajili ya kupigia picha. Jicho la mwanadamu huzoea giza la namna hiyo, likaendelea na kazi yake. Kamera haizoei. Na jarida letu, kama mjuavyo, huchapishwa kwa rangi nyeusi na nyeupe kwa ile mashine iliyoko karibu na stoo, ambayo picha yenye giza kidogo huigeuza kuwa wino mtupu.

Juu ya hayo kuna amri. Tangu mwaka jana idara ya michezo imepiga marufuku flashi ya aina yoyote ukumbini wakati mchezo unapoendelea. Haikutolewa bure. Mtazamaji mmoja, mgeni aliyekuja na timu pinzani, alijisimamisha chini ya kikapu chetu na kumlipua mchezaji wetu usoni akiwa angali hewani. Msichana wa watu akatua vibaya, akakaa wiki mbili na bandeji kwenye kifundo cha mguu. Mimi ni mwanachama wa chama cha upigaji picha, lakini siku hiyo ningeulizwa, ningeipitisha amri hiyo kwa mikono miwili.

Leo naiunga mkono nusu. Flashi iliyobandikwa juu ya kamera na kuelekezwa usoni pa mchezaji ikatazwe, tena ikatazwe milele na milele. Lakini taa za mmweko zinazofungwa juu, pembeni, mbali na macho ya wachezaji, ni kitu kingine kabisa, na kuzikataza ni kukubali kwamba timu bora ya shule hii itaendelea kuwa yai katika mraba mweusi. Wahenga walinena kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hiyo ni ya samaki, jamani, si ya taa.

Kabla sijaendelea, tuelewane kuhusu jina, maana hili ni jarida la Chama cha Kiswahili wala si la wanafizikia. Mtaani twasema "flashi", na mimi sioni haya kulitumia neno hilo. Wengine husema "strobu". Kiswahili kina "mmweko", yaani mwanga unaotokea ghafla na kutoweka. Nimewasikia wengine wakisema "kimulimuli", lakini kimulimuli huwaka na kuzima, huwaka na kuzima, kama yule mdudu wa usiku au taa ya gari la polisi. Tofauti hiyo, kama utakavyoona, ndiyo iliyozua nusu ya ugomvi huu.

Hebu sasa tufanye hesabu kidogo. Mchezaji anayeruka hadi sentimita 60 kutoka chini huiacha sakafu kwa mwendo wa kama mita 3.4 kwa sekunde. Mpira unaorushwa kutoka mbali huenda kasi zaidi. Tuseme mita 9 kwa sekunde. Katika mwanga hafifu pazia la kamera, yaani kile kilango kinachofunguka ili mwanga uingie, hulazimika kukaa wazi muda mrefu, kama 1/60 ya sekunde. Katika muda huo mpira wetu umekwisha safiri sentimita 15, nao upana wake wote ni kama sentimita 23. Picha haitoi mpira, inatoa soseji. Ukitaka mpira ubaki mpira, pazia lifunguke kwa 1/1000 ya sekunde tu, mpira usogee milimita 9. Lakini hapo kamera hupata chini ya sehemu moja ya kumi na sita ya ule mwanga, ambao tangu hapo haukutosha. Ndipo linapopatikana lile yai.

Taa ya mmweko hulimaliza tatizo hili kwa njia ambayo kila mtu aliyekulia mahali penye masika ameiona. Usiku wa mvua, giza totoro, ghafla radi inamulika. Kwa kitambo kile kidogo unaona kila kitu kimesimama: jani la mgomba limepinda nusu, mtu aliyekuwa akikimbia kuingiza mbuzi ameinua mguu mmoja na haushuki, matone ya mvua yananing'inia hewani. Hakuna kilichosimama. Ni mwanga tu uliokuja ukaondoka kabla vitu havijapata nafasi ya kusogea. Kwa hiyo pazia la kamera likikaa wazi hata 1/200 ya sekunde si neno, mradi ukumbi wenyewe una giza. Kinachoiandika picha ni mmweko, nao ni mfupi kuliko hapo. Flashi ndogo ya kawaida, ukiishusha hadi robo ya nguvu zake, mmweko wake unaweza kuwa mfupi kuliko 1/2000 ya sekunde. Umeona basi? Giza la ukumbi wetu, ambalo tumelilaumu miaka yote hii, linageuka kuwa msaidizi. Ukumbi ukiwa na mwanga wa wastani picha huwa mbili, moja ya mmweko na nyingine ya taa za darini, mpira ukaota mkia na mchezaji akawa na mzuka wake nyuma.

Aliyeifanya radi hiyo iwe kitu cha kuamrishwa na mtu ni Mmarekani Harold Edgerton, mwalimu wa uhandisi wa umeme katika chuo cha MIT. Hakuanza na michezo. Alikuwa akichunguza mota za umeme, na kwa kuwa haziwezi kuchunguzwa zikizunguka, alizimulika kwa mimweko inayolingana na mzunguko wake hata zikaonekana zimetulia tuli. Hayo yalikuwa karibu na mwaka 1931. Baadaye akamulika kila kilichompita kwa kasi. Picha yake ya mwaka 1957, ya tone la maziwa likianguka na kuruka juu mfano wa taji, imo katika vitabu vingi vya sayansi. Na ya mwaka 1964 inaonyesha risasi ikiwa imekwisha toboa tufaha, tufaha lenyewe halijajua kwamba limekufa. Gjon Mili, mzaliwa wa Albania aliyelipigia picha jarida la Life, ndiye aliyeuchukua ujuzi huo akaupeleka kwa wacheza dansi na wanamichezo.

Mpira wa vikapu ulikuwa ukiungojea. Mchezo huu haukuzaliwa uwanjani kama kandanda. James Naismith, mwalimu mzaliwa wa Kanada, aliubuni Desemba 1891 huko Springfield, Massachusetts, kwa sababu baridi ya nje iliwazuia vijana wake kucheza. Aligongomea vikapu viwili vya matunda ndani ya ukumbi, mchezo ukaanza. Yaani tangu siku yake ya kwanza ni mchezo wa ndani. Sisi wa Kenya ndio tulioutoa juani tukauweka kwenye saruji, kwa kuwa shule zenye ukumbi wa kuchezea ni chache. Huko Marekani katika kumbi kubwa za ligi ya NBA, taa za mmweko hufungwa juu kabisa, kwenye vijia vya mafundi darini, na kila moja hupata nguvu kutoka kwa kisanduku kizito chenye uwezo wa hadi wati-sekunde 2400. Mpiga picha ameketi sakafuni nyuma ya mstari wa mwisho. Anabonyeza, redio ndogo inaziamuru taa zote, nazo zinamweka pamoja. Ukizitazama kanda za zamani za akina Michael Jordan utaona mwanga ukipita uwanjani mara moja, kama jicho linalopepesa. Wale watu wanalipwa mamilioni kwa kulenga kikapu, na wamecheza chini ya taa hizo miaka nenda miaka rudi.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipa uzito kuliko yote, nalo ni nyuso.

Mwaka 1993 Nairobi iliandaa mashindano ya mataifa ya Afrika ya mpira wa vikapu kwa wanaume. Angola walitwaa kombe, Kenya ikamaliza ya nne, nafasi ambayo mpaka leo watu wa mchezo huu huitaja kwa fahari. Mimi sikuwa nimezaliwa. Najua matokeo kwa sababu matokeo huandikwa. Sura ya hata mchezaji mmoja wa Kenya wa siku zile siijui. Wasichana wetu watakaoondoka Novemba wakiisha kufanya mtihani, wataacha majina yao kwenye ubao wa matokeo na vikombe viwili. Kidato cha kwanza wa miaka mitano ijayo atasoma kwamba tulishinda, hatajua kabisa ni akina nani walioshinda, walikuwa warefu au wafupi, walisuka nywele au walinyoa, walicheka au walinuna.

Na giza haliwaonei watu wote kwa kipimo kimoja. Kamera ikiachiwa ijipimie mwanga, hutafuta wastani wa kila inachokiona na kuuleta kwenye kijivu cha katikati. Ukumbi wetu umepakwa chokaa nyeupe, na jezi za wasichana ni nyeupe. Kamera inauona weupe wote huo, inadhani kuna mwanga tele, inajifinya. Kinachobaki gizani ni uso wa mwenye jezi. Tena taa za darini humulika utosi, macho yakawa mashimo mawili. Si mambo ya mashine peke yake. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilizisambazia maabara za picha kadi ya kulinganishia rangi yenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi ya mwanamke huyo ndiyo iliyokuwa kipimo cha picha iliyotoka sawa. Sisi hatukuwa kwenye kadi. Ngozi nyeusi haikatai kupigwa picha. Inachotaka ni mwanga unaotoka ubavuni, utelezeshe weupe wake juu ya shavu, kwenye mfupa wa bega, kwenye jasho la paji la uso. Taa mbili za mmweko, moja kila upande, hufanya hivyo hivyo. Taa ya utosini haiwezi, hata ukiongeza balbu kumi.

Haya, tuwasikilize wanaopinga. Mgala muue na haki umpe, na hoja zao nyingine ni nzito.

Ya kwanza ni ile ya mchezaji kupofushwa. Hapa ndipo tofauti ya flashi na flashi inapoonekana. Mwanga hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga hubaki robo. Mtu aliyesimama mita 2 kutoka kwenye flashi hupata mwanga mara nne ya yule aliye mita 4. Ndiyo maana picha za flashi ya juu ya kamera huwa mbaya namna ile, wa mbele ana uso mweupe kama mzimu na wa nyuma amemezwa na giza; na ndiyo maana humuumiza macho aliye karibu. Ukiiweka taa mbali na juu, mambo hubadilika. Kati ya mchezaji aliye mita 10 kutoka kwenye taa na aliye mita 12, wa pili hupata kama asilimia 70 ya anachopata wa kwanza. Mwanga unakuwa karibu sawa uwanja mzima, na hakuna anayeupokea wote peke yake.

Sisemi hawatauona. Watauona. Kwa hiyo mahali pa kuziweka ni suala la kufikiriwa, wala si kuzitundika popote penye msumari. Mchezaji anayelenga hutazama kikapu, na kikapu kiko mita 3.05 kutoka chini. Taa ikifungwa nyuma ya ubao, hata iwe juu namna gani, imo ndani ya macho yake. Pale pasifungwe kitu. Roshani ya ukumbi wetu ina pembe mbili upande wa madirisha, zote ziko kando kabisa ya mstari ambao mlengaji huutazama. Hapo panafaa, taa zikiinuliwa kidogo ili sehemu ya mwanga igonge dari kwanza ndipo ishuke. Bahati yetu dari ni nyeupe. Na wakati wa mtupo huru, mchezaji anapokuwa amesimama peke yake watu wote wamenyamaza, pasipigwe mmweko hata mmoja. Anayetaka picha ya mtupo huru aende akaipige kwenye mazoezi, haitoroki.

Ya pili ni ya kifafa. Mwalimu mmoja alisema mbele ya gwaride kwamba taa hizi huangusha watu, na wengi wakapiga makofi. Ni kweli kuna taa zinazoangusha watu. Miongoni mwa wenye kifafa wapo wachache ambao mwanga unaowaka na kuzima mfululizo huwaletea degedege, hasa ukiwaka kati ya mara 3 na mara 30 kwa sekunde. Desemba 1997 huko Japani zaidi ya watoto 600 walipelekwa hospitali baada ya kutazama kipindi kimoja cha katuni za Pokémon chenye mimweko ya nyekundu na buluu iliyopishana upesi upesi. Basi hicho ndicho kimulimuli. Flashi ya kupigia picha kwa kawaida humweka mara moja, halafu inahitaji muda ijijaze umeme tena. Ikitumiwa hivyo haimuliki mara kumi kwa sekunde. Ajabu ni kwamba taa inayoweza kufanya hivyo tunayo: ni ile ya disko inayokodishwa kwa ajili ya usiku wa burudani, ambayo huzunguka ukumbini humo humo saa tatu mfululizo, na sijasikia amri yoyote juu yake. Hata hivyo sitaki kubishana na afya ya mtu. Matroni ana orodha ya wanaotumia dawa. Aulizwe kabla ya mechi, na akisema hapana, iwe hapana.

Ya tatu ni kwamba taa inaweza kuanguka. Hii sicheki nayo. Flashi na mkono wake wa chuma ikitoka juu mita tano ikampata mtu kichwani, hakuna picha itakayotosha kumfariji mzazi. Wanaofanya kazi hii katika kumbi kubwa hawatundiki kitu kwa kishikio kimoja. Kila taa hufungwa pia kwa waya wa chuma kwenye nguzo isiyotikisika, ili kishikio kikilegea taa ining'inie isianguke. Nasi tufanye vivyo hivyo, fundi wa shule avute kila waya kwa mkono wake kabla ya milango kufunguliwa. Isiwepo nyaya yoyote sakafuni. Flashi zetu zitumie betri.

Zimo kabatini tayari, flashi mbili za zamani alizotuachia mzazi mmoja. Zinazokosekana ni vishikio, betri za kujazwa na redio ya kuziamrisha. Redio si anasa. Baadhi ya flashi za enzi za filamu hutoa zaidi ya volti 200 pale zinapoungana na kamera, na kamera ya siku hizi ikipitiwa na umeme huo ni buriani. Redio ikiwa katikati, kamera na flashi hazigusani.

Ya nne, ambayo huletwa na wajuaji wa kidato cha nne, ni kwamba mambo ya mmweko yamepitwa na wakati. Ati kamera mpya huona gizani. Kuna ukweli. Kamera nzuri ya leo hupiga kwa ISO 6400 na zaidi picha ikatoka safi, na kumbi mpya zenyewe zinang'aa. Ukumbi wa BK Arena wa Kigali, uliofunguliwa mwaka 2019 na ulioanza kuandaa ligi ya Afrika ya BAL mwaka 2021, hauna shida na flashi ya mtu. Lakini sisi hatuko Kigali. Kamera ya chama chetu ikifika ISO 1600 picha inajaa chembechembe kama uji wa wimbi, na ile mashine ya karibu na stoo ikizipokea hizo chembe huzifanya kuwa masizi. Wengine wanasema tutumie simu ya mwalimu wa zamu. Simu hupata mwanga gizani kwa kupiga picha kadhaa mfululizo na kuzichanganya iwe moja. Kwa picha ya keki ya harusi, sawa. Kwa msichana anayewania mpira uliorudi ubaoni, zitachanganywa mikono sita.

Tena nasema, ucheleweshaji wa flashi una faida ambayo kamera za kisasa zimeipoteza. Anayeweza kupiga picha ishirini kwa sekunde habagui. Anafyatua tu, kisha akae usiku akitafuta iliyo nzuri. Mwenye mmweko ana picha moja kwa kila shambulio. Ikiisha amepigwa na butwaa hadi taa ijijaze. Kwa hiyo inambidi aujue mchezo: ajue kwamba namba 7 wetu hudunda mara mbili kwa mkono wa kushoto kabla ya kuruka, kwamba namba 11 akirudi nyuma hatua moja atarusha kutoka mbali. Anabonyeza kabla ya tukio, kwa kuwa akiliona tukio limekwisha mpita. Mpiga picha wa namna hii hukaa karibu na kocha kwenye mazoezi akiuliza maswali. Chama chetu kina watu wa kunyanyua kamera tu, na sababu mojawapo ni kwamba hakijawahi kuwadai kitu kingine.

Ombi langu kwa idara ya michezo ni dogo. Amri ibaki, isipokuwa kwa taa mbili zilizofungwa roshani kwa masharti niliyoyataja, zikiendeshwa na mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Mwamuzi na kocha wa wageni waombwe ruhusa kabla ya mechi kuanza, na yeyote kati yao akikataa taa zisiwashwe. Watazamaji wenye flashi zao wasimamishwe mlangoni kama ilivyo sasa. Kwanza tujaribu kwenye mechi ya kirafiki, timu yetu wenyewe kwa wenyewe, na nahodha awe na uwezo wa kuinua mkono wakati wowote taa zikazimwa bila maswali.

Nahodha nimekwisha muuliza. Aliniambia mwanga haumtishi. Anachotaka ni kuiona picha kabla haijapelekwa kwenye ile mashine.